Makofi ya Edina

Eliakim Simbeye, fundi cherehani wa Tunduma, alikuwa na wivu wa kununia hata upepo uliompepea mkewe. Edina, mama wa binti yao mchanga Gloria, alikuwa akicheka tu. Alishamzoea.

Mwaka huu masista wa kutoka Hispania walitafuta mtu wa mapokezi kwenye zahanati yao ya hapo mjini, anayejua Kihispania kidogo. Edina akaanza kufundishwa na Lwitiko, kijana aliyelelewa na masista hao. Walikaa mkekani sebuleni, mlango wazi, wakikata vitenzi silabi kwa silabi kwa makofi. Ha-bla-mos, "tunaongea", kofi zito katikati. Can-to, "naimba", zito mwanzoni. Can-tó, "aliimba", zito mwishoni. Hapo Edina alikwama kila mara, maana ulimi wetu umezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi.

Mchana mmoja Eliakim alirudi kuchukua mkasi. Akamkuta mkewe amepiga magoti, anapiga makofi mbele ya Lwitiko. Sasa, kwa Wanamwanga, kabila lao, hivyo ndivyo mke anavyomheshimu mumewe. Damu ikamchemka.

"Mimi sijafa, Edina! Unamsalimia nani kama mume?"

"Baba Gloria, tunahesabu silabi."

"Silabi zina magoti?"

Hazina. Ila miguu hufa ganzi mtu akikaa sana mkekani, naye Edina alikuwa amejiinua kidogo kwa magoti. Lakini mwenye wivu nani wa kumweleza? Lwitiko alivaa viatu vyake, hakurudi tena. Siku hiyo fundi alikula ugali kwa raha, anajiona mshindi.

Kwenye usaili Edina alijikwaa, nafasi ya Tunduma ikaenda kwa mwingine. Hata hivyo sista mkuu alimpenda kwa bidii yake. Akamwambia aende Kamsamba, mbali na Tunduma, akaishi na masista wa zahanati ya huko, ajifunze huku akifanya kazi.

Asubuhi ya safari Eliakim alimbebea begi mpaka stendi, roho inamuuma, anawaza waganga wa zahanati, madereva, hata mapadri.

"Huko atakufundisha nani?"

"Masista."

"Na wanaume je, hawapo?"

Edina alimweka Gloria vizuri mgongoni, akapokea begi lake.

"Mimi nilitaka kazi ya hapa hapa, Baba Gloria, jioni niwe kwangu. Wewe ndiye uliyemfukuza mwalimu wangu."

Konda akamshika mkono kumpandisha garini. Eliakim akabaki amesimama, anamwonea wivu konda.