Jina la Muhiba Lilikatwa Wimboni

Hikma Farid hajawahi kutia sahihi mkataba wa kampuni yoyote ya muziki, na wanaodhani kwamba amekosa wa kumchukua hawamjui. Alizaliwa Dandora, mtaa wa fezi ya nne, upande ambao moshi wa jaa la taka huingia nyumbani bila kubisha hodi. Siku za wiki hukata matairi makuukuu katika soko la Kariokor na kuyageuza viatu vya akala. Jumapili hurekodi nyimbo zake ndani ya kabati la nguo la Yahye, rafiki yake mtayarishaji, kabati lililofunikwa kwa mablanketi ili kelele za nje zisiingie.

Ukimwuliza nani alimfundisha kurapu, hatakutajia nyota wa ng'ambo. Atakutajia bibi yake, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa akimenya viazi huku akihesabu mizani kwa vidole, na ambaye aliwahi kuizima redio kwa hasira kwa kuwa mshairi mmoja alipungukiwa na silabi. "Sheng yetu ya mtaani nayo ina mizani," Hikma huniambia. "Ukikosea, Dandora watakuzomea kabla hujafunga mdomo."

Ana sheria moja ambayo sijaiona kwa rapa mwingine. Hamtaji mtu aliye hai kabla ya kumwendea na kumghania ubeti huo ana kwa ana. Mwenyewe akikataa, ubeti unafutwa. Hivyo ndivyo alivyomwendea jirani yake, Mama Rayyan, ambaye ameokota plastiki jaani tangu ujana wake na ambaye sasa hukohoa hata akicheka.

"Nimekuweka kama 'mama mmoja wa jaani'," Hikma alimwambia. "Ili wasikusumbue."

Mama Rayyan aliweka gunia chini. "Mama mmoja? Wewe msichana, una adabu kweli? Mtaani mimi ni Mama Rayyan. Kliniki mimi ni mgonjwa wa kifua. Mbele ya wazungu wa miradi mimi ni mnufaika. Nilipewa jina na baba yangu. Nitaje hilo, na la baba pia, au usinitaje kabisa."

Ubeti ukaandikwa upya:

*Muhiba binti Kadari, moshi umemla pafu,*
*Lori laja alfajiri, limesheheni uchafu.*

Mama Rayyan, yaani Muhiba mwenyewe, aliusikiliza mara mbili, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Sasa uniimbie mbele ya hao wakubwa wa miradi. Si kwenye simu. Mbele yao, nikiwaona."

Fursa ilikuja mwezi wa tatu. Shirika moja, ambalo sitalitangaza bure kwa kulitaja, liliandaa siku ya usafi katika uwanja wa mtaa. Mratibu wake, Bwana Saad, alimpigia Hikma simu kwa utamu mwingi. Wimbo wake wa moshi ungefungua sherehe, mgeni wa heshima akiwepo. Alitaka jambo dogo tu: wimbo uletwe katika flashi, sauti peke yake na mdundo peke yake, ili mafundi wa spika wausawazishe.

"Usiwape vipande," Yahye alionya. "Wape wimbo mzima. Mtu akishika sauti yako peke yake, anaweza kukata chochote."

"Ni mafundi tu, Yahye. Wacha wasiwasi."

Hilo ndilo kosa lake, nami sitalificha. Rapa asiye na kampuni hana mwanasheria wala meneja. Ana imani tu, na imani hiyo ndiyo wajanja huichuma kwanza.

Siku yenyewe wageni walikaa hemani, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Waokotaji wa jaa, ambao siku hiyo ilidaiwa kuwa yao, walisimama juani nyuma ya kamba. Muhiba alikuwa mstari wa mbele, amevaa buibui lake la Idi.

Kama ilivyo desturi ya sherehe za mitaani, wimbo ulipigwa kwenye spika na Hikma akafungua mdomo kuufuata. Beti mbili zilipita vizuri. Kisha, pale jina la Muhiba lilipopaswa kuanza, spika ziliruka moja kwa moja hadi kiitikio, sehemu isemayo mtaa wetu utang'aa. Ubeti wa tatu ulikuwa umekatwa kwa ustadi, bila kuacha kovu.

Hikma alifunga mdomo. Sauti yake iliendelea kuimba kwa furaha kutoka kwenye spika, naye amesimama jukwaani, midomo imebanwa, maikrofoni imening'inia mkononi.

"Weh! Sauti imemtoroka!" mtu mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka.

Saad alipanda ngazi mbio. "Hikma, dadangu, endelea. Mgeni anaangalia."

"Ubeti uko wapi?"

"Tumeupumzisha tu. Hayo mambo ya malori ni siasa. Leo ni siku ya furaha."

"Furaha ya nani?"

"Tunawainua vijana, halafu mnatuaibisha hivi?"

Tunawainua! Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa shuleni, na kila mara humaanisha kumshika mtu kwapani ili asiweze kuinyoosha mikono yake. Ninyi wa mashirika mnataka sauti ya Dandora iliyooshwa, isiyo na mapafu ndani yake. Mnataka wimbo wa moshi usiomkohoza mtu. Kama lori si tatizo, mbona jina la mwanamke mmoja likawatetemesha hadi mkatafuta mkasi?

Hikma alimkabidhi Saad maikrofoni, akashuka, akavuka uwanja na kuinama chini ya kamba. Alisimama mbele ya Muhiba, bila spika wala mdundo, akaughani ubeti wote.

Waliosikia labda walikuwa thelathini. Mgeni wa heshima alikuwa akisoma simu yake. Tangu siku hiyo Hikma amenyimwa ukumbi wa kijamii, na wimbo uliokatwa bado hupigwa na shirika lile kana kwamba ndio wimbo wa Hikma. Yeye huukana popote anapoulizwa.

Siku ile, Hikma alipomaliza kughani, Muhiba hakumkumbatia wala hakumshukuru. Alikohoa, akafuta mdomo kwa pembe ya buibui, akanyoosha kidole kuelekea hemani.

"Wale hawajasikia," alisema. "Geuka. Paza sauti."

Hikma akageuka, akavuta pumzi, akaanza tena.