Siku Nilipolipaka Shamba Chokaa

Nakumbuka siku moja, wiki ile ya kabla ya Noeli, nilipolipaka shamba chokaa hadi likawa jeupe kuliko nyumba yetu. Usicheke, mwanangu. Au cheka tu, maana hata mimi hucheka kila nikikumbuka.

Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Lubumbashi. Mama mkwe wangu alinimegea kipande cha bustani yake ya mboga, upande wa Karavia, akasema nikilime msimu mmoja. Nikishindwa, atampa wifi yangu. Nilikitaka kipande kile kuliko nguo mpya! Lakini udongo wake ulikuwa mchachu, kabichi zilidumaa, na kila nilipochimba niliona minyoo midogo myeupe, myembamba kama uzi. Nikaamini ndiyo inayonilia mizizi.

Nilishasikia kwamba chokaa huondoa uchachu. Nyumbani kulikuwa na mfuko mzima wa kupakia kuta kwa sikukuu. Nikaumwaga wote bustanini huku naimba.

Baada ya majuma mawili majani yakawa manjano. Mama mkwe akaja, akachimba, akapekua udongo kwa vidole. Hakukuta mnyoo hata mmoja.

"We mutoto, shamba haiko nyumba!" akasema. "Bale badudu beupe balikuwa banakutumikia bure, banaozesha majani. Sasa umebamaliza bote. Nani atakutumikia?"

Nililia kwelikweli, nikijua bustani imeshakwenda kwa wifi. Mama mkwe akaketi kando yangu, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. Kisha akanieleza. Wale wadudu weupe, minyoo ile midogo, walikuwa wakiniozeshea majani yawe mbolea, nao hupenda uchachu. Ukitia chokaa kidogo, inapungua polepole, na ile mikubwa ya kuvulia samaki inaanza kuhamia. Ukitia nyingi kwa mara moja, unaua yote. Tukafukia majani makavu na mbolea ya mbuzi, tukaiachia mvua kazi.

Mwezi wa tatu nikachimba tena. Mnyoo! Mwekundu, mnene, unajinyonganyonga. Nikakimbia nao kiganjani hadi kanisani, mama mkwe alikokuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Waimbaji wakatawanyika kwa mayowe. Yeye akausogelea, akautazama vizuri.

"Bustani iko yako, mutoto wangu," akasema mbele ya wote. "Sasa rudisha huyu mugeni kwake."

Furaha ya siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Mwanangu, jana ulinionyesha mfuko wa chokaa ulionunua kwa bustani yako, na macho yako yalikuwa yanang'aa. Naipenda hamu hiyo. Ila kabla hujaufungua, chimba uone nani anaishi humo. Nyunyiza kidogo, ngoja mvua, chimba tena, ndipo uongeze. Na ukikosea, usijifungie ndani na aibu yako. Niite siku hiyohiyo, nitakuja na jembe langu.

Mungu akulainishie udongo, awashibishe wote watakaokula kutoka mikononi mwako. Haya, nenda ukachimbe.