Nilisema Niko Makupa

Jina langu sitoi, na majina nitakayotaja si yao. Mimi nimekosa. Sikusingiziwa wala sikuponzwa na mtu, nimekosa kwa mdomo wangu huu. Mzee mgonjwa alitoka kitandani aje amshuhudie mwanawe akioa, na mimi nikamnyima. Nitakwambia ilivyokuwa, ukimaliza kusoma nihukumu utakavyo.

Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yangu ni milango ya kuchonga, karakana aliniachia marehemu baba. Aliniachia na dada yangu Zuhura, na kwetu binti haozwi bila walii wake. Baba hayupo, babu hayupo, walii ni mimi kaka mtu. Nisipoweza kufika natoa wakala, yaani namruhusu mtu mwengine aniozee. Hata kwa simu yafaa. Maneno mawili matatu, basi.

Shika hapo, maana kosa langu lote limekaa hapo.

Zuhura alichumbiwa na Salim, kijana wa Tudor, mtu na adabu zake. Babake Salim alikuwa mgonjwa wa moyo, hata kupanda ngazi ilikuwa shida. Daktari hakutaka atoke nyumbani. Mwenyewe akasema amebakiwa na haja moja tu, kumsikia mwanawe kwa masikio yake akisema "nimekubali". Tukaafikiana aletwe msikitini baada ya Alasiri, nikaha isomwe upesi, arudishwe akalale.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo mimi nina mkutano Nairobi. Hoteli moja ilitaka milango yake yote ichongwe na sisi. Mama akanisihi niwaombe wabadilishe siku. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ndege ni kufumba na kufumbua, Adhuhuri niko nyumbani. Lo, kichwa changu!

Mkutano ulikwenda vizuri. Nikafika uwanja wa ndege mapema, nikaingia msalani nikavaa kanzu, koti na kofia ya vito, ili nikishuka Mombasa niende moja kwa moja msikitini. Nikatoka nanukia udi.

Ndipo wakatangaza ndege imechelewa. Kwa nini, hawasemi. Tuwe na subira. Saa kwenye ubao ikasogezwa mbele, tukakaa. Ikasogezwa tena. Binti wa kaunta ukimuuliza anakupa tabasamu na biskuti. Nikakaa, nikasimama, nikaenda dirishani kutazama ndege za wenzetu zikiruka, kurudi kiti kishachukuliwa. Mama mmoja aliyeiona kanzu yangu akaniambia, sheikh, tuombee dua ndege ije. Watu wakacheka.

Ami Swaleh, mdogo wake baba, akapiga simu. Akaniuliza kama nimepanda, maana amesikia ndege za leo zina shida.

"Mwanangu, kama kuna kuchelewa nipe wakala mapema," akasema. "Mzee wa watu hawezi kukaa kitako sana."

Nilipaswa kumpa pale pale. Lakini mimi na Ami tuna yetu. Tangu baba afe ananiita mtoto. Nikiuza, nimepunjwa. Nikinunua, nimeibiwa. Nikaona sasa anataka kunipokonya na hili, mkono wa Salim aushike yeye mbele ya mtaa mzima, kisha aseme kijana ameshindwa hata kumuoza dadake. Kibri, ndugu yangu! Kilinipanda mpaka kooni.

Nikamwambia, "Ndio napanda sasa, Ami. Nazima simu."

Na nikaizima kweli, ili uongo ukae sawa. Nimekaa na kanzu yangu kwenye kiti cha uwanja wa ndege, simu imezimwa mfukoni, najifanya niko mawinguni. Mtu mzima mimi! Sijui kama umewahi kukaa na simu iliyozimwa huku unajua watu wanakutafuta. Mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Kila aliyepita akizungumza na simu nilidhani anazungumza na watu wangu.

Alasiri ikaingia. Nikaswali pembeni, na Mwenyezi Mungu anisamehe, sijui nilisoma nini. Nilipoona sasa muda wa kutua umefika, yaani kutua kwa ile ndege yangu ya uongo, nikawasha simu. Ikalia papo hapo. Ami. Nikasema nimeshashuka, niko Changamwe.

Unaona nilivyofanya? Changamwe ni karibu. Kaka mtu akiwa Changamwe humtangulii, unamngoja. Lau ningesema niko Nairobi, sheikh angeitaka wakala yangu kwa simu na shughuli ingekwisha kabla chai haijapoa. Uongo wangu ndio uliowafunga pale msikitini.

Akapiga tena. Nikasema Makupa, pale pa kuingilia mjini, kuna foleni, lori limekwama. Akapiga tena. Bado Makupa. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akiuliza kama pana mto wa kumwekea mzee mgongoni. Nilisikia vizuri, na bado nikasema Makupa.

Kisha akapiga Zuhura mwenyewe. Bibi harusi mzima, hina mikononi, amewaacha wanawake wenzake na vigelegele vyao akajitenga jikoni kunitafuta. Akaniuliza niko wapi. Kabla sijafungua mdomo, kipaza sauti kikanguruma juu ya kichwa changu, abiria wa Mombasa waendelee kusubiri, ndege haijafika.

Akasema polepole, "Kaka, Makupa kuna ndege?"

Nikamwambia kweli. Hakulia, hakunitukana. Akaniambia tu nimpigie Ami sasa hivi, akakata.

Nikatoa wakala nimesimama katikati ya watu, machozi yananitoka, na yule mama wa dua ananitazama. Ami akayapokea maneno yangu yote. Kisha akaniambia mzee ameshaondoka. Pumzi zilimbana, wakambeba kumrudisha Tudor, na Salim akaenda naye. Mzee akiwa mlangoni alisema wasimngoje, waoze tu, hataki kuharibu shughuli ya watu. Yeye ndiye aliyeogopa kuharibu shughuli!

Salim alirudi Magharibi akaozwa haraka haraka. Waliokuwepo waliniambia alisema "nimekubali" huku anakitazama kile kiti alichokalia babake.

Mimi nilifika watu washakula. Njia nzima kutoka uwanjani nilikuwa najitayarisha kwa matusi, na tulipopita Makupa barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari. Ami hakunitukana. Aliniwekea sahani ya biriani, akaniambia nile, nina njaa ya safari. Wallahi bora angenipiga.

Kazi ya hoteli tuliipata. Milango nilichonga yote, mizuri, watu wanaisifu. Mimi siendi kuitazama.

Mzee hakuifikia Ramadhani. Siku ya maziko nilifika Tudor kabla ya jamaa zake wengi, nikakaa nje ya nyumba na kanzu ile ile. Salim akatoka, macho mekundu, akanipa mkono.

"Leo umewahi, shemeji," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu na adabu zake, nimekwambia. Lakini neno lile nalala nalo, naamka nalo, nakwenda nalo Marikiti nikinunua ndizi. Nimekuwa mtu asiyeweza kungoja kitu akatulia. Nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa Feri, natoa simu napiga nyumbani kusema niko wapi hasa, upande gani, nyuma ya nani. Mke wangu hunicheka. Zuhura hacheki. Nikimwambia niko njiani huniuliza, njia ya wapi.

Basi wewe unayesoma haya huku umekwama mahali, saa kwenye ubao inasogezwa, na kwenu kuna watu wanakungoja, usione haya. Ndege kuchelewa si dhambi yako. Kama kuna jambo mwenzako anaweza kulifanya badala yako, muachie alifanye, hata kama humpendi. Washa simu. Sema ulipo.

Mimi nilikuwa Nairobi.