Dobi wa Kando ya Reli

Dobi jirani yetu wa mtaa wa Cheyo alisikia treni kabla ya mtu yeyote. Kila adhuhuri aliacha sahani, akaanua kanzu zote kambani, akazikumbatia na kuingia nazo ndani huku bado akitafuna. Treni ya mvuke ikipita, masizi yalitua uani kama pilipili manga, na doa moja lilimaanisha kufua upya. Alipomaliza kuzitundika tena, ugali ulikuwa umeshapoa. Ndivyo alivyokula miaka yote niliyomjua.

Ilipokuja treni ya dizeli, miaka michache baada ya Azimio, hakuiamini. Siku ya kwanza honi ilipolia, ngeni na nene, alianua vilevile. Mikono yake iliyobabuka kwa sabuni ilianza na kanzu ya harusi ya Soud mwenye duka. Treni ilipopita alitoka, akapitisha kiganja juu ya kamba, akakitazama, kisha akanionyesha. Kilikuwa safi. Kesho yake honi ikalia tena. Aliinuka nusu, tonge mkononi, akazitazama kanzu zikipepea juani, akaketi.

“Karibu, jirani,” akasema, akinisogezea sahani. “Leo ugali ni wa moto.”