Nilivyoandika "Karibuni Wote" Kwenye Kundi la Ukoo

Kaka alimpa dada mpaka mwisho wa mwezi. Nyumba ya wageni ya Butiama, vyumba vinne, ni mali ya kaka, lakini anayeiendesha na kuishi kwayo ni dada. Kama vyumba vingeendelea kulala vitupu, kaka angewapa watu wa machimbo ya Buhemba waweke mashine zao.

"Niachie," nikamwambia dada. "Nitakujengea tovuti." Nina shahada mbili, na sijawahi kumwachia mtu mwingine nafasi ya kukosea kabla yangu.

Hela ya matangazo haikuwepo. Kulikuwa na bando langu tu. Nikiwa Musoma niliandika ukurasa mrefu kuhusu falsafa ya ukarimu, nikauona mzuri, nikaanza kufuatilia wasomaji. Wiki nzima walikuwa wawili kwa siku: mimi kwa simu na mimi kwa kompyuta.

Dada alipiga kila asubuhi.

"Msomi, wameingia?"

"Wanaingia polepole."

"Wanaingia wapi? Mbona mlangoni siwaoni?"

Zilipobaki siku chache nikaweka kiungo kwenye kundi la ukoo: "Fungueni ukurasa huu, msambaze. Karibuni wote." Jioni ile mstari wa wasomaji ukapanda kama mtu anayekimbizwa na ng'ombe. Nikampigia dada: fua mashuka, nunua sato, watu wanakuja. Nikamwambia na kaka aje Jumamosi ajionee mwenyewe.

Watu walikuja kweli. Jumamosi nilipofika Butiama niliwakuta ukumbini shangazi yetu wa Bunda, binamu zetu watano, na jogoo aliyefungwa miguu. Kwetu mtu hakwambii karibu ukabaki kwako unaisoma. Mabegi yao yalikuwa yamejaa vyumba vyote vinne. Dada alikuwa jikoni akipaa samaki, hanitazami.

Kaka akaingia, akaona viatu mlangoni, uso ukamlegea. "Kumbe wageni wapo!"

"Wageni gani?" shangazi akadakia. "Sisi wa nyumbani. Mtoto wetu ametuita kwenye simu."

Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. "Jumatatu watu wa Buhemba wanaleta mashine."

Kisu cha dada kikasimama.

Hapo shangazi akanigeukia mimi. "Na wewe, hivi huwaga unafikiria? Umeandika ukarimu, ukarimu, hujasema mtu akitoka Bunda anashukia wapi. Tumepitishwa kituo, tumerudi kwa miguu na jogoo. Hujasema kama bafuni kuna maji. Hujasema anayeenda makumbusho ya Mwitongo atembee au apande boda. Tungekuwa wageni kweli, saa hizi tuko Musoma tunalala kwa wenzenu."

Nilikuwa na majibu, tena marefu. Nikayameza, nikafungua kompyuta mezani, nikaifuta falsafa yote, nikajibu kila alichouliza kwa maneno yake mwenyewe, isipokuwa jogoo. Dada akasogea, mikono ina magamba, akaniongezea saa ya kufunga geti na namba yake ya simu. Shangazi akaupeleka ukurasa kwenye makundi yake ya Bunda: kwaya, jumuiya, kinamama wa pamba.

Jumapili baada ya ibada, kaka alikuwa akipima milango kwa kamba, aone kama mashine zitapita. Simu ya dada ikaita. Akaiweka spika tusikie wote. Alikuwa mwalimu wa Bunda. Yeye na wenzake wanakuja kutembelea Mwitongo, wanataka vyumba vyote vinne kuanzia kesho. "Maji yapo bafuni, si ndivyo mlivyoandika?"

Dada aliyatazama mabegi ya ndugu. Huwezi kumwambia dada wa baba yako aondoke. Mwalimu akasema, "Haloo?" Kamba ya kaka ilikuwa bado imenyooshwa mlangoni.

Shangazi akasimama. "Mgeni ni siku mbili, na zangu zimeisha. Jembe liko wapi?" Hakungoja jibu, akaingia chumba cha kwanza, akaanza kuvua mashuka.

Kaka akakunja kamba, akatoka nje kupiga simu. Tulimsikia: "Hapana. Subirini kwanza."

"Karibuni," dada akamwambia mwalimu. Akakata, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Hilo neno," akasema, "wewe usiliandike tena."