Mke wa Mlinzi

Wiki iliyopita nilikwenda Fordsburg, mtaa wa maduka ya Wahindi katika mji wetu huku kusini, kutafuta bizari, nikapita mbele ya duka la filamu za Kihindi lililokuwa linafungwa moja kwa moja. Mwenye duka alikuwa ametoa maboksi nje, CD zimerundikana ovyo, kila mpita njia ajichukulie atakayo. Niliinama kwa udaku tu. Ya juu kabisa ilikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa miwani ya jua, kakaa juu ya pikipiki, nyuma yake ghorofa la vioo linawaka moto. Nilimtambua papo hapo, nikaketi pale pale kando ya maboksi. Nimepita mengi katika mji huu, rafiki yangu, lakini sikutegemea kuja kukalishwa kwenye ukingo wa njia na yule bwana wa miwani.

Nilipokuwa mtoto tulikaa mtaa wa Berea, mji huu huu, ghorofani, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujafika. Fleti moja tuligawana watu wa kila namna, vyumba vimekatwa kwa mbao, na mbao zilipoisha yakatundikwa mapazia. Baba alikuwa mlinzi wa usiku, mchana analala, kwa hiyo nimekua nikitembea kwa ncha za vidole na kuzungumza kwa kunong'ona. Mama alipika kwenye jiko la mafuta ya taa, wali wa tui la kopo, na harufu yake ilizunguka kila pazia bila kubisha hodi. Kazi yangu ilikuwa kupanda na madumu ya maji pale bomba la juu lilipokauka, na kuanika nguo kwenye roshani, ambako kwa chini ulisikia honi za teksi toka asubuhi mpaka unaacha kuzisikia.

Chumba cha mwisho kwenye korido kilikuwa cha jirani yetu, mwanamke wa Tanga kama sisi, mpika maandazi. Alfajiri anakanda, jua likichomoza yuko kituo cha teksi na beseni lake, adhuhuri amerudi ananukia hiliki. Mama alikuwa akisema ndugu chungu, jirani mkungu, yaani huyu ndiye kifuniko chetu. Alikuwa na runinga na mashine ya CD, na kila Jumapili mchana, wenzetu wa kanisani wakisharudi, wanawake wote wa fleti walijazana kitandani kwake na sisi watoto mkekani, kutazama filamu ya Kihindi.

Runinga ile ilikuwa mgonjwa. Picha ilikatika kwa chini, na yale maandishi ya Kiingereza yalipotelea huko. Hatukuyahitaji, tulikuwa na jirani. Aliketi pembeni ya runinga kwenye ndoo aliyoipindua, akatutafsiria mwanzo hadi mwisho, sauti ya mama mkwe anaifanya nzito, ya mwari anaifanya nyembamba, akifika kwenye nyimbo ananyamaza na kupiga ndoo kwa kidole kufuata ngoma. Alituambia kwamba Kihindi alikijua tangu usichana, kwa sababu kwao Tanga walikaa nyumba ya tatu kutoka sinema. Nasi tuliamini. Mtu akisema amekaa karibu na sinema utambishia nini?

Katika fleti ile alikuwepo pia mama mmoja wa Kirundi, aliyelala nyuma ya pazia la sebuleni. Aliuza nyanya na parachichi kando ya robot, taa za barabarani ndivyo ziitwavyo huku. Mpole, mrefu, akicheka anaziba mdomo. Safari yake ya kuja kusini ilikuwa ya malori mawili. Yeye aliwekwa katika la kwanza, na binti yake, ambaye alikuwa wa makamo yangu, akawekwa katika la pili pamoja na wifi yake. La kwanza lilifika. La pili halikufika, na mpaka leo hakuna ajuaye liliishia wapi. Tangu hapo alikuwa akienda kwenye ofisi ya watu wanaotafuta waliopotea, anavaa kitenge chake kizuri, anarudi anasema wamemwambia asubiri.

Kisha siku moja ya baridi kali alirudi kutoka huko, akaingia nyuma ya pazia lake, hakutoka. Mama ndiye aliyemdodosa. Walikuwa wamemwambia kwamba jina la mtoto limetafutwa katika kambi zote na halikuonekana, na kwamba wanafunga faili. Nyanya zake zikaoza kwenye kreti. Mama alimpelekea uji, ukarudi na utando juu. Jirani alimpelekea maandazi ya moto, yakakutwa yamepoa pale pale. Nilimsikia mama akimwambia jirani jikoni kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba mwenzetu huyu anakufa huku tunamtazama. Ilinitia hofu, maana mama hakuwa mtu wa maneno makubwa.

Jumapili iliyofuata jirani alikwenda mwenyewe nyuma ya pazia, akamvika sweta, akamshika mkono na kumleta kama unavyomleta mgonjwa. Shabaha yake ilikuwa amwangalie mtu akicheza na kuimba, basi. Filamu aliipata kwa mwenye duka huyo huyo wa Fordsburg, akaichagua kwa picha ya jalada: pikipiki, miwani, majengo ya vioo. Alijua ni ya mapigano. Hakujua kilichokuwamo.

Nafikiri hata wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha vizuri. Binti mdogo wa tajiri anatoka shule, mkoba mgongoni, anasimama getini. Gari jeupe linakuja polepole, mlango unafunguliwa, na pale getini unabaki mkoba peke yake. Mama alimtazama jirani, jirani akaitazama mashine, na nilimwona mkono umekwisha kunyanyuka kwenda kuizima. Lakini ukizima utasema nini? Kuzima kungekuwa ndiko kumwambia. Mama wa Kirundi alikuwa amenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza wiki ile, macho yako kwenye runinga. Jirani akarudisha mkono mapajani, akaendelea kutafsiri.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu filamu ile. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa hadithi. Yule polisi wa miwani alitembea polepole kwenye moshi, akashuka ngazi polepole, akageuka polepole, nywele zinapepea hata ndani ya nyumba. Mama wa Kikongo, msusi wetu, akasema, "Eish, huyu atafika lini?" tukacheka kidogo. Yeye na mpenzi wake wakaenda kuimba kwenye theluji. Wakarudi, wakapigana gereji. Simu zikapigwa, mikoba ya pesa ikabadilishana mikono, helikopta ikapita. Na mtoto je? Mtoto aliliwa na lile gari jeupe, basi. Waliotengeneza filamu walikuwa na shughuli na miwani.

Mama wa Kirundi alingoja. Akangoja nyimbo mbili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akiitazama runinga na si sisi:

"Mutoto anakula?"

Pale kwenye kioo watu wawili walikuwa wanafukuzana kwa pikipiki. Jirani hata hakupepesa. Akasema, "Anakula." Halafu akatega sikio, kama mtu anayesikiliza vizuri kinachosemwa, akaendelea. Kwamba kule alikofichwa kuna mlinzi, na mlinzi ana mkewe, mwanamke mwenye huruma ambaye hakujua kitu, ameletewa tu mtoto akaambiwa amtunze. Kwamba mke wa mlinzi amempikia wali wa tui, ameupoza kwanza kwa upepeo kwa sababu mtoto hauwezi wa moto. Amemwogesha. Ana binti yake wa makamo hayo hayo, wanalala mkeka mmoja na wanagombania blanketi. "Hayo hawayaonyeshi," alisema jirani, "lakini ndivyo yalivyo."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa mke wa mlinzi, na wali ule ulikuwa wake, na mkeka ulikuwa huo niliokalia. Alikuwa amejifunika kanga mdomoni.

Kuanzia hapo kulikuwa na filamu mbili chumbani. Moja ilikuwa kwenye kioo, watu wanarushiana risasi. Ya pili ilitoka kwenye ndoo iliyopinduliwa, na ndiyo tuliyoitazama. Jino la mtoto limetoka, limetupwa juu ya paa. Ameanza kumzoea paka. Analia magharibi ikifika, lakini mke wa mlinzi anambeba mgongoni mpaka asinzie, ingawa ni mkubwa wa kubebwa. Kule juu ya ghorofa la vioo mwovu akaanguka, polisi akavaa miwani yake, akamkumbatia mpenzi wake, na wote wakaanza kucheza. Filamu ikaisha. Mama wa Kirundi akaomba, kama bado upo, apewe ule uji.

Usiku ule ukuta wetu wa mbao haukuficha kitu. Mama alimwambia jirani kwamba kumdanganya mtu aliyefiwa ni kumwongezea kaburi. Na nakumbuka jirani hakupandisha sauti.

"Waliomtengeneza wamemsahau," alisema. "Sasa mtoto wa watu tumwache huko peke yake?"

Ikawa ndiyo filamu yetu. Jumapili hii tutatazama mpya, Jumapili ijayo mama wa Kirundi ataomba ile ya pikipiki, na hakuna aliyegoma, ingawa mapigano tuliyajua kwa moyo. Maana jirani hakurudia. Kila mara mtoto alikuwa amekua kidogo. Amejifunza kukuna nazi. Amekatwa nywele kwa sababu ya chawa, zinaota tena. Amegombana na binti wa mlinzi, wamepatana. Mama wa Kirundi alisikiliza huku ameniweka kati ya magoti yake, ananisuka, na siku za habari za ugomvi alinivuta nywele kwa nguvu kidogo, kana kwamba mimi ndiye niliyeanza. Nyanya zikarudi kando ya robot. Kicheko cha kuziba mdomo nacho kikarudi, si kama zamani, ila kikarudi.

Miaka ikapita, akapata nafasi ya kupelekwa nchi ya mbali yenye baridi, zile safari za wakimbizi. Siku ya kuondoka fleti nzima ilishuka ngazi na mizigo yake. Pale chini, teksi inaunguruma, alimshika jirani mikono yote miwili.

"Dada," alimwambia, "ninajua ile filamu haisemaki vile. Nilijuaka siku ya kwanza. Lakini mwana wangu umemulisha."

Jirani, ambaye hakuwahi kukosa neno kwa mama mkwe wala kwa mwari, aliingiza tu maandazi dirishani, yamefungwa kwenye gazeti, na mlango ukafungwa. Hatukupata habari za mama wa Kirundi tena. Kama binti yake alionekana, sijui. Nimejiuliza kwa miaka na sijui.

Jirani alirudi Tanga akiwa mzee, na huko ndiko alikozikwa. Mama yuko, lakini masikio yamechoka. Jengo letu la Berea sasa limezibwa madirisha kwa matofali, na ile roshani ya kuanikia nguo imebaki vyuma. Nikipita pale naangalia juu, nahesabu mpaka ghorofa yetu, naona ukuta. Watu wanasema siku hizi kila filamu unaipata kwenye simu, imetafsiriwa neno kwa neno, na ni kweli. Kilichokwisha ni ile ndoo. Mtu wa kukaa pembeni ya kioo, akatazama uso wako kwanza, ndipo akajua wanachosema.

CD ya Fordsburg nilifika nayo nyumbani, na nyumbani hakuna mashine ya kuichezea. Binti yangu aliitafuta filamu kwenye simu yake, akaipata mara moja. Binti huyu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Tulilala kitandani, simu imeegemezwa kwenye mto, maandishi yote yanaonekana. Nilisoma kila neno. Hakuna mlinzi mle. Hakuna mke, hakuna wali, hakuna mkeka. Nilikuwa nimeshajua, mtu mzima hujua, lakini machozi yalinitoka, na niliyaacha.

Walipoanza kupigana gereji, binti yangu aliuliza, kwa Kiingereza chake, yule mtoto kaenda wapi. Ningeweza kumwambia ni filamu mbaya, watu wa filamu walimsahau.

"Yuko kwa mke wa mlinzi," nikasema. "Anakula."

Akaisogeza simu karibu, akatafuta. Akasema haoni mtu. Nikamwambia hayo hawayaonyeshi. Alinitazama uso muda mrefu, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya mto, pikipiki zinaendelea kulia chini yake, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Anakula nini?"

Nikaanza na wali, na jinsi ulivyopozwa kwanza kwa upepeo.