Nilimuvalisha Kima Kofia ya Mutoto

Nilikosa. Usinitafutie sababu, na usiniambie eti shetani alinipitia. Hakuna shetani! Ni wivu, na niliulea mwenyewe.

Minye nafanyaka kazi ya kulisha wanyama kwenye bustani moja ndogo ya wanyama, pande za Uvira, kando ya ziwa. Wengi ni wale waliokamatwa mupakani Kavimvira, wakivushwa ndani ya vikapu vya vitunguu. Tunawaponya, na wale wanaoweza tunawarudisha porini.

Zamani kuita watu ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa napita soko la Kimanga na megafone, nikipiga kelele mpaka sauti inakauka: mukuje muone mamba, mukuje muone kasuku! Watu walikuwa wananijua.

Halafu akakuja Furaha, kazi ileile. Mutoto wa juzi tu, na video zake! Akaanzisha emisiyo, kipindi cha kila Jumamosi kwenye radiyo: anawasikilizisha sauti ya munyama, watu wanapiga simu wanabahatisha, anayepata anaingia bure na familia yake. Kiboko akikoroma, Uvira muzima inacheka! Na katikati ya kile kicheko anawaeleza kwa nini tusiwamalize hawa wanyama. Akafungua na paje, ukurasa wa video kwenye telefone. Watu wakaanza kujaa langoni.

Unafikiri nilifurahi? Nilikuwa nakasirika tu.

Siku moja mama wa mandazi wa Kimanga, ninayemununulia kila asubuhi, akaniuliza: "Weye si unafanyaka na Furaha? Umusalimie sana!" Na minye je? Minye sina salamu? Nikamuachia mandazi yake palepale.

Furaha alikuwa na sheria moja: kwenye video, mikono ya muntu isionekane juu ya munyama. "Yaya," alikuwa ananiambia, maana minye ni mukubwa kwake, "muntu akiona unamubeba, naye atataka wa kwake wa kubeba." Minye nikasikia tofauti. Nikajiambia, huyu ananifungia mulango, anataka ajulikane peke yake.

Basi, akaenda Luvungi kwenye matanga ya shangazi yake. Telefone ya kazi akaniachia minye. Akaniamini! Nikaona siku yangu imefika.

Tulikuwa na kima mudogo, Mapendo. Wasikilizaji wa radiyo ndio walimupa ile jina. Nikamuvalisha kofia ya mutoto wangu, nikamufunga mugongoni na kitenge, nikamupa biskwi. Telefone nikaisimamisha juu ya ndoo. Nikacheza, nikazunguka, na yeye amenishika shingo kabisa kama mutoto wa muntu. Video nikaituma kwenye paje.

Mungu wangu, ile video ilitembea! Kesho yake Kimanga ni "Mama Kima! Mama Kima!" Mama wa mandazi akanizidishia bila kuombwa. Nilikuwa natembea kama bibi harusi.

Furaha aliporudi, hata mufuko hakutua. "Yaya, naomba uiondoe. Leo."

"Weye uko na wivu," nikamujibu.

Tulikuwa wawili tu, nyuma ya vibanda. Akaniangalia, macho yakajaa machozi, akachukua fagio akaenda kusafisha. Telefone sikumurudishia.

Haikukawia. Muntu wa pikipiki akafika langoni, anatoka mulimani, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana wa heshima, anacheka. "Mama Kima iko wapi? Nimemuletea zawadi." Akafungua gunia. Ndani mulikuwa kima muchanga, anatetemeka, na kwenye kiganja ameshika manyoya.

"Mama yake aligoma kumuachilia, tukamupiga mpaka akafa," akasema, hivihivi, bila ubaya wowote. "Tuliona ku video vile unawapenda. Mama, tupige foto pamoja?"

Jamani! Nilitaka ardhi inimeze.

Kale katoto kalikataa maziwa. Tulikuwa tunapokezana kukapakata, minye na Furaha. Kakafia mikononi mwangu. Na manyoya ya mama yake hakakuyaachia.

Jumamosi tukaenda kwenye emisiyo pamoja, tueleze watu wasituletee tena wanyama. Muntu wa kwanza kupiga simu akawaka: "Weye Furaha, si ni weye ulimutuma ule mama abebe kima? Mulitafuta kujulikana, sasa munatulilia nini?" Mikro iko mbele yangu, karibu kugusa mudomo. Furaha akanigeukia. Akangoja.

Nikanyamaza. Ee Mungu, nikanyamaza!

"Ni siye wa bustani tulikosa," akajibu yeye. "Mutusamehe."

Tangu pale watu hawakumuacha Furaha apumue. Sokoni wakamuita muuaji, na hata chef wetu, mukubwa wa bustani, aliamini ni yeye aliniruhusu. Sikumusahihisha. Furaha akaacha kazi, akarudi kwao Luvungi.

Unajua nani alipewa emisiyo? Minye! Ile mikro niliyoililia, sasa ni yangu. Kila Jumamosi nawasikilizisha sauti ya munyama, nangoja wabahatishe, na wanachouliza ni kimoja: "Furaha iko wapi?" Nawaambia amesafiri. Video niliiondoa, lakini bado inapita kwenye telefone za watu, na minye mule ndani ningali nacheza.

Wewe unayesoma, ukiona kima amevalishwa nguo kwenye telefone, usicheke na usimutumie mwenzako. Jiulize mama yake iko wapi. Na kama kuna mwenzako anashangiliwa na moyo wako unawaka, muambie ukweli angali yuko karibu, hata akikucheka, yaishe. Minye nilingoja mpaka akaondoka.

Furaha, kama hii inakufikia kule Luvungi: siku ile nyuma ya vibanda nilikuambia uko na wivu. Wivu ulikuwa wangu.